Kweli au si kweli? Tunayoambiwa kuhusu kusimamia watu kazini

Mtu akipandishwa cheo hupewa na ushauri wa bure. Mkongwe wa idara humnong'oneza asizoeane na walio chini yake. Rafiki humtumia maneno ya hamasa kwenye WhatsApp. Mwajiri humkumbusha kwamba anataka matokeo, hataki maelezo. Mafunzo yenyewe ya kusimamia watu mara nyingi hapewi, kwa hiyo Jumatatu anaanza kazi na hayo aliyoambiwa.

Sehemu ya ushauri huo ni ya kweli. Sehemu kubwa haijawahi kupimwa na wanaoutoa, na palipopimwa imeonekana inabomoa kile inachodai kujenga. Nimechagua machache yanayosemwa sana, na naanza na lile ninaloamini limetuumiza kuliko yote.

“Bosi asiyeogopwa, kazi yake haiendi.”
SI KWELI.

Kwamba hofu huleta utii, hilo halina ubishi. Bosi mkali akitokea mlangoni simu zinarudi mifukoni, mazungumzo yanakatika, kila mtu anainamia kompyuta yake. Bosi huyo anaona kazi inaendelea. Asichokiona ni taarifa zilizoacha kumfikia. Mtunza stoo aliyegundua kuwa mzigo umepungua anangoja kwanza ajue nani atalaumiwa. Fundi anayesikia mashine ikikwaruza anaona heri iharibike kwenye zamu ya mwenzake. Karani aliyekosea tarakimu kwenye ankara anaomba Mungu mteja asigundue.

Hasara ya ukimya wa namna hiyo ilionekana wazi tarehe 27 Machi 1977 katika uwanja wa ndege wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife. Ukungu ulikuwa umetanda. Ndege ya KLM, Boeing 747, ilikuwa imejipanga mwanzoni mwa barabara ya kurukia. Ndege ya Pan Am, 747 vilevile, ilikuwa bado inatembea kwenye barabara hiyohiyo ikitafuta pa kutokea. Rubani mkuu wa KLM, Jacob Veldhuyzen van Zanten, alikuwa mkuu wa mafunzo ya marubani wa 747 katika shirika lake, na picha yake ilikuwa ikitumika kwenye matangazo ya shirika. Alipoanza kuisukuma ndege, msaidizi wake alimkumbusha kwamba kibali cha kuruka hakijatolewa. Akasimama. Punde akaanza tena, na mara hii msaidizi hakumzuia. Ndege ikiwa tayari inakimbia, mhandisi aliyeketi nyuma yao alisikia kwenye redio maneno yaliyomtia shaka, akauliza kama Pan Am kweli imekwisha kutoka njiani. Rubani mkuu akajibu kwa mkazo kwamba imetoka. Mhandisi akanyamaza. Ndege zikagongana, na watu 583 wakapoteza maisha.

Sababu za ajali ile zilikuwa nyingi, zikiwamo ukungu, mawasiliano ya redio yaliyoingiliana, na haraka ya kuondoka kabla saa za kazi za marubani hazijakwisha. Lakini kuna jambo ambalo wataalamu wa usafiri wa anga hawakuweza kulipita: ndani ya chumba cha marubani alikuwamo mtu aliyekuwa na shaka sahihi, akaitamka kwa upole, kisha akanyamaza, yaelekea kwa sababu aliyekuwa mbele yake alikuwa mkubwa mno kubishiwa. Mwaka 1979 shirika la NASA liliitisha warsha juu ya makosa ya aina hiyo, na kuanzia 1981 United Airlines ikawa inawafundisha marubani wake namna ya kusemezana: mdogo afundishwe kusema kwa uwazi na kurudia, mkubwa afundishwe kusikiliza. Leo mafunzo hayo ni lazima kwa marubani wa mashirika ya ndege duniani kote. Nidhamu haikupotea. Rubani mkuu bado ndiye mwenye kauli ya mwisho, ila anaitoa akiwa amesikia walichokiona wenzake.

Hospitalini liligunduliwa jambo la kushangaza zaidi. Miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson wa Harvard alilinganisha timu za wauguzi na madaktari huko Marekani, akitarajia kwamba timu zenye uongozi mzuri zingekuwa na makosa machache ya kutoa dawa. Takwimu zikamwonyesha kinyume: timu zenye uongozi mzuri ndizo zilizoandikisha makosa mengi zaidi. Alipochunguza kwa undani akaelewa kwamba timu hizo zilikuwa huru kuyataja makosa yao. Kwingine yalifichwa, na kosa likifichwa hakuna anayelirekebisha.

Sasa tutazame ofisi zetu. Anayepeleka habari ya kosa kwa mkubwa hurudi mezani kwake na barua ya kujieleza. Wenzake wote wanaiona ile barua, na kuanzia siku hiyo wanajua la kufanya. Baada ya miezi michache bosi analalamika kwamba haambiwi kitu, kwamba watu wake wana mgomo baridi. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kunyamaza.

“Mimi mlango wangu uko wazi, mwenye jambo aje.”
HAITOSHI.

Mlango uko wazi, lakini njia ya kuufikia inapita mbele ya macho ya watu wote, na anayeingia huonekana anakwenda kuchongea au kujipendekeza. Wanaoutumia mlango ule ni walewale wawili watatu, na taarifa ya bosi inakuwa ya hao watatu. Kinachosaidia ni bosi kutoka yeye, kwenda kwenye kaunta, stoo au wodini, na kuuliza swali lisilojibika kwa “ndiyo mzee”. Nini kimekukwamisha wiki hii? Kifaa gani hakifanyi kazi? Kisha lililosemwa lishughulikiwe, aliyelisema aone. Hapo ndipo wengine watasema.

“Wafanyakazi wa huku ni wavivu. Bila mtu mgongoni hawafanyi.”
SI KWELI, na ina historia mbaya.

Imani hii tumeirithi. Nchini Kenya, kuanzia 1920, wanaume Waafrika wa miaka 16 na kuendelea walilazimishwa kubeba kipande, hati iliyowekwa ndani ya kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Mwajiri aliandika humo mshahara, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuachiwa, na aliyeondoka bila kuandikiwa kuwa ameachiwa alikuwa mhalifu wa kukamatwa na polisi. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika kazi ilihesabiwa kwa kadi, na mnyapara alisimama nyuma ya safu akihakikisha hakuna anayenyoosha mgongo. Mfumo mzima ulijengwa juu ya dhana kwamba Mwafrika hafanyi kazi ila kwa kushurutishwa. Wakoloni waliondoka, ila dhana hiyo ilibaki midomoni mwetu, tena tunaitumia dhidi ya ndugu zetu.

Mwaka 1960 profesa wa Marekani, Douglas McGregor, aliandika kwamba mameneja wa nchi yake mwenyewe wengi walikuwa na imani hiyohiyo juu ya Wamarekani wenzao: kwamba mtu kwa asili hapendi kazi na lazima asukumwe. Ukiwaza hivyo, alieleza, utaweka ulinzi na adhabu. Watu wakitendewa hivyo watategea. Nawe utasema si niliwaambia?

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa kiwanda cha magari cha Fremont, California. General Motors ilikifunga mwaka 1982. Sifa yake ilikuwa mbaya mno: siku yoyote ile karibu mfanyakazi mmoja kati ya watano alikuwa hajafika kazini, watu walikunywa pombe zamuni, magari yalitoka na kasoro kwa sababu laini ya uzalishaji haikuruhusiwa kusimama kwa jambo lolote. Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kwa jina la NUMMI, safari hii Toyota ikiendesha. Wengi wa walioajiriwa walikuwa walewale wa zamani, chini ya chama kilekile cha wafanyakazi. Baadhi walipelekwa Japani kuona kazi inavyofanyika, kisha wakarudi.

Badiliko mojawapo lilikuwa kamba. Ilipita juu ya laini nzima, na mfanyakazi yeyote aliyeona bolti haijakaa sawa au mlango haufungi vizuri aliruhusiwa kuivuta. Kiongozi wa timu alifika mbio, na swali lake la kwanza lilikuwa anaweza kusaidia nini. Tatizo lisipoisha mara moja, laini yote ilisimama. Kwa mtu aliyezoea kuona gari bovu likisukumwa mbele ili bosi asikasirike, hilo lilikuwa jambo geni kabisa. Utoro ukashuka hadi asilimia chache, na magari yaliyotoka pale yakawa miongoni mwa yenye kasoro chache zaidi katika kampuni nzima ya General Motors. Watu walikuwa walewale. Kilichobadilika ni namna walivyosimamiwa.

Kwa hiyo kila nikisikia mkurugenzi akisema vijana wa siku hizi hawafai, huwa nataka kujua kwanza: wakiona kasoro, wanaruhusiwa kufanya nini?

“Anayebaki ofisini mpaka usiku ndiye mchapakazi.”
SI KWELI.

Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza iliunda kamati ya kuchunguza afya ya wafanyakazi wa viwanda vya silaha na risasi. Wengi wao walikuwa wanawake, na walisimama mashineni saa nyingi mno, wengine wakikosa hata Jumapili. Kumbukumbu za wakati ule zilitunzwa vizuri, na karibu miaka 100 baadaye mchumi John Pencavel wa Chuo Kikuu cha Stanford alizichambua upya, akachapisha matokeo mwaka 2014. Mpaka karibu saa 49 kwa wiki, kila saa iliyoongezwa ilizaa kazi yake kamili. Kupita hapo mavuno yalianza kupungua. Waliofanya kazi saa 70 walitoa takriban kiasi kilekile cha waliofanya saa 56. Zile saa 14 za ziada zilikula afya yao na hazikuongeza risasi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 iliweka saa 45 kwa wiki kuwa kazi ya kawaida, na saa za ziada zisizidi 50 katika kila wiki nne, zilipwe angalau mara moja na nusu. Wapo wanaoiona sheria hiyo kama huruma kwa mfanyakazi, lakini kwa hesabu za Pencavel inamlinda mwajiri pia.

Na palipo na bosi anayehesabu vichwa jioni, watu hujifunza kumpa vichwa. Wote tunalijua lile koti linaloachwa kwenye kiti ili mwenyewe aonekane yupo, na lile faili linalofunguliwa saa kumi na moja ili kazi ionekane haijaisha.

“Mkate mshahara anayechelewa, atawahi.”
MARA NYINGI SI KWELI.

Wachumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini waliijaribu dhana hii katika vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli, na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Wazazi walikuwa wanachelewa kuwachukua watoto jioni. Baadhi ya vituo vikaweka faini. Waliochelewa wakaongezeka, karibu mara mbili. Kabla ya faini, mzazi aliyechelewa aliona haya mbele ya mlezi aliyekuwa akimsubiri. Baada ya faini aliona amelipia, haya ya nini? Faini ilipoondolewa, uchelewaji ulibaki palepale juu.

Kazini mambo hayafanani moja kwa moja, kwa kuwa mshahara ni riziki na mkato wake unauma. Lakini hatari ni ileile: mtu aliyekatwa anajiona amemaliza deni, na ile aibu ya kuwaachia wenzake wateja wa asubuhi inamtoka. Aidha sheria niliyoitaja haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa utashi wake tu. Lazima makato yawe na msingi wa kisheria au ridhaa ya maandishi ya mfanyakazi. Kabla ya kukata, muulize anakaa wapi, anapanda magari mangapi, na kama zamu inaweza kuanza nusu saa baadaye.

“Pesa si kitu, watu wanataka kuthaminiwa tu.”
SI KWELI.

Hili ni jipya, linatoka kwenye semina, na waajiri wabahili wamelipokea kwa furaha. Mwaka 1913 kiwanda cha Henry Ford kule Highland Park, Michigan, kilikuwa kikipoteza watu kwa kasi isiyovumilika. Kiwango cha waliohama kilifikia asilimia 370, maana yake kwa kila nafasi moja waliajiri karibu watu wanne ndani ya mwaka. Kazi ya laini ilichosha akili na mwili. Januari 1914 Ford akatangaza dola 5 kwa siku, takriban mara mbili ya ujira uliokuwapo, na siku ya kazi ikapunguzwa kutoka saa 9 hadi 8. Kufikia 1915 kiwango cha kuhama kilishuka hadi asilimia 16.

Malipo yale yalikuwa na masharti ya kuudhi, maana maofisa wa kampuni walipita majumbani kukagua mwenendo wa wafanyakazi, na kazi yenyewe haikuwa tamu kuliko jana. Lakini watu walibaki, na sababu ni mshahara. Cheti cha mfanyakazi bora siku ya Mei Mosi kina heshima yake, na mtu hukitundika sebuleni. Anayelipwa tarehe 15 ya mwezi unaofuata, bila kuambiwa sababu, hawezi kuamini kwamba anathaminiwa hata akipewa vyeti kumi. Lipa vizuri, lipa kwa wakati, kisha tuzungumzie kuthamini.

“Weka malengo makubwa, utapata matokeo makubwa.”
KWELI, na ndiyo maana ni hatari.

Utafiti wa miaka mingi wa Edwin Locke na Gary Latham umeonyesha kwamba lengo mahsusi na gumu humfanya mtu afanye zaidi kuliko kumwambia ajitahidi tu. Tatizo ni kwamba watu watakupa kilekile ulichokipima. Benki ya Wells Fargo ya Marekani ilitaka kila mteja auziwe huduma nane. Wafanyakazi wa matawini wakabanwa kila siku kwa hesabu, na waliokosa wateja wakafungua akaunti ambazo hakuna aliyeziomba. Mambo yalipofumuka mwaka 2016, akaunti hizo zilikadiriwa kuwa milioni 2, kisha makadirio yakapanda hadi milioni 3.5. Benki ilitozwa dola milioni 185 kwa kuanzia, na watu wapatao 5,300 walikuwa wamefukuzwa kazi. Malengo yaliwekwa juu, wakafukuzwa wa chini. Mkurugenzi mkuu alijiuzulu baadaye mwaka huohuo.

Katika utumishi wa umma Tanzania tulikuwa na OPRAS tangu 2004, ambapo mtumishi na mkubwa wake walikubaliana malengo kwenye fomu. Wazo lilikuwa zuri. Lakini pale fomu ilipojazwa msimu wa kupanda vyeo tu, huku vitendea kazi vilivyoahidiwa havijaletwa, malengo yaligeuka karatasi. Nafasi yake sasa imechukuliwa na PEPMIS, mfumo wa kidijitali. Kompyuta inaweza kuhesabu upesi zaidi, lakini mazungumzo ya kweli kati ya watu wawili haiwezi kuyafanya kwa niaba yao.

“Mfanyakazi hodari kuliko wote ndiye afanywe bosi.”
MARA NYINGI SI KWELI.

Watafiti Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue walifuatilia maelfu ya wauzaji katika kampuni zaidi ya mia moja za Marekani, na kuchapisha walichokipata mwaka 2019. Waliouza sana ndio waliopandishwa kuwa wasimamizi, na kadiri mtu alivyokuwa amevuma kwa mauzo yake binafsi, ndivyo timu aliyopewa ilivyoelekea kushuka. Waliozoea kuuza kwa kushirikiana na wenzao ndio waliofaa zaidi. Nayo Google, kampuni ya wahandisi inayotukuza utaalamu, ilipochunguza mameneja wake bora wanafanana kwa lipi, iliorodhesha sifa nane. Kuwajenga walio chini yako kulikuja kwanza. Ujuzi wa kiufundi ulikuwa wa nane.

Huku kwetu mwalimu bingwa wa hisabati hufanywa mkuu wa shule, na muda wake wote unaishia kwenye vikao, ankara na malalamiko ya wazazi. Shule imepoteza mwalimu bila uhakika wa kupata kiongozi. Hatumpandishi kwa ujinga; tunampandisha kwa sababu hakuna njia nyingine ya kumwongezea mshahara. Dawa ni kumwekea ngazi yake ya kupanda akiwa bado darasani.

“Kiongozi huzaliwa, hafundishwi.”
SI KWELI.

Karibu na Mumbai, India, kati ya 2008 na 2010, Nicholas Bloom na wenzake waliwapelekea washauri baadhi ya wenye viwanda vya nguo. Viwanda vilikuwa na mabaki ya pamba sakafuni, nyuzi zilizorundikwa stoo bila lebo, na mashine zilizotengenezwa pale tu zilipokufa. Washauri hawakuleta mitambo mipya. Waliwafundisha wasimamizi kuandika kila siku kasoro zilizotokea, kupanga stoo, kuhudumia mashine kwa ratiba, na kukutana kila asubuhi kuzungumzia ya jana. Ndani ya mwaka wa kwanza tija iliongezeka kwa asilimia 17. Wasimamizi walikuwa watu wa kawaida, waliofundishwa mambo ya kawaida.

Waajiri, hakuna kinachowazuia kufanya hivyo hapa. Kabla hamjamkabidhi mtu wenzake kumi, mpeni hata wiki mbili za mafunzo na mkongwe mmoja wa kumuuliza maswali. Nawe uliyekwisha kukabidhiwa bila kufundishwa, andika barua kwa afisa utumishi uombe mafunzo hayo. Usingoje ijibiwe ndipo uanze. Kwenye kikao chako kijacho waache walio chini wazungumze kwanza, andika wanachosema, na wewe uzungumze wa mwisho.